Tone Moja la Zebaki

"Mbavu umenizidishia," alisema mtawa. "Sina njaa kiasi hicho."

Malloja hakucheka. Miaka minne alikuwa akichonga watawa kwenye ukuta wa hekalu la Srishailam: huyu kakunja miguu shingoni, yule kapanda chui. Lakini Swami Revanna alikuwa hai, amekaa mbele yake ili achongwe, kajipaka majivu, chungu kando. Ndani ya chungu hicho alikuwa akipika zebaki na mitishamba kwa miaka kumi na miwili. Watu walisema atakayeinywa hatakufa.

"Swami, nipe tone moja tu. Jana mke wangu Honnavva katema damu tena."

"Haijaiva, fundi."

"Kila siku haijaiva! Huo ni wali gani?"

Mtawa akatazama pembeni.

Nyumbani, Malloja alimlisha mkewe uji wa ulezi, kijiko kwa kijiko. Honnavva alikuwa amebaki macho tu.

"Siku hizi hukohoi," alimwambia mumewe.

"Vumbi la mawe limenizoea."

Honnavva akatabasamu, kisha akageukia ukutani.

Alikufa mvua zilipoanza. Malloja alimchoma kando ya mto, na asubuhi yake akachukua nyundo kubwa akaenda hekaluni. Alimkuta Revanna amekaa palepale, chini ya sanamu yake.

"Vunja," alisema mtawa. "Sitakuzuia."

"Kwanza niambie ukweli. Ilikuwa haijaiva?"

"Iliiva tangu sikukuu ya Shiva."

Malloja akaiacha sura ya mawe, akamwinulia nyundo yule aliye hai.

"Mke wangu kafa akitapatapa kama samaki! Na wewe unayo!"

"Sina. Miaka yote ile ilitoa tone moja. Siku ileile nilimpelekea mkeo mwenyewe, wewe ukiwa hapa unachonga. Nikalitia mkononi mwake."

Nyundo ikabaki juu.

"Akaniuliza kama litatosha watu wawili. Nikamwambia hapana, ni la mtu mmoja. Akaniapisha nisikwambie maadamu yu hai."

Machozi yalichora mistari kwenye majivu ya uso wa mtawa.

"Kisha akalidondosha kwenye maziwa yako ya jioni."