Shujaa wa Bustani ya Mtaa

Saruji ya kaburi ilikuwa haijakauka, na tayari shujaa alikuwa na mashahidi tele.

Kinyozi wa mtaa aliapa kwamba babu yake ndiye aliyekuwa akimnyoa. Wacheza drafti wa kivulini walimkumbuka hadi farasi wake. Mtunza bustani aliwasikiliza huku akifyeka majani. Shujaa mwenyewe, yeye ndiye aliyemtunga juzi, akioga.

Angefanyaje? Halmashauri ilitaka kuigeuza bustani kuwa maegesho ya magari, na yeye, mkewe na mama mkwe waliishi humo humo, kwenye kibanda cha kazi. Sheria ilikataza jambo moja tu: kujenga juu ya kaburi la shujaa. Basi akamwaga saruji mahali penye majani mabichi kuliko pote, mbele ya benchi la mama mkwe, akaandika kwa msumari: HAPA KALALA SHUJAA WETU.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyenuna.

"Mwanangu, bustani yote hii, kaburi ukaliweke hapa? Lipeleke kule langoni."

"Hapa pamependeza, mama."

"Si nimepamwagilia mwenyewe miaka ishirini!"

Akamwonea huruma. Bibi wa watu alikuwa akikaa kwenye benchi lile tangu mumewe, mtunza bustani wa kwanza, alipotoroka na mshonaji. Mzee aliondoka vibaya: hata mabuti ya kazi hakurudisha, na halmashauri ilikuwa bado inamwandikia barua za kuyadai.

Jumatatu akaja ofisa wa ramani wa halmashauri na vibarua wawili wenye sururu.

"Tunathibitisha tu," alisema. "Akiwemo, bustani inabaki. Asipokuwemo, fungasha virago."

Mtaa mzima ukajaa. Mtunza bustani alilowa jasho chapachapa. Ndiyo kwanza anafungua mdomo aungame, sururu ikagonga kitu.

"Yumo!" kibarua akapiga kelele.

Kinyozi akaangua kilio. Wacheza drafti wakasimama wima kama askari. Ofisa akavua kofia, akashuka shimoni, akapangusa udongo kwa leso yake mwenyewe.

"Shujaa kweli kweli," akasema. "Kazikwa na mabuti yake ya mpira. Ila ajabu, yana mhuri wetu."

Mtunza bustani akageuka kutazama benchi. Mama mkwe alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani.

"Mwanangu," akauliza kwa upole, "basi la kwanza linaondoka saa ngapi?"