Homa ya Jumamosi

Hebu niambie, umewahi kuona homa inayojua siku? Ya mama huyu mshona nguo ilijua. Ilingoja Jumamosi, ikangoja na kabati lifike katikati ya mlango, ndipo ikapanda.

Kabati lilikuwa la mwanawe wa pekee, fundi redio, aliyekuwa akihamia nyumba ya kupanga mitaa mitatu kutoka pale. Yeye na mkewe walikuwa wamekaa kwa mama miaka minne. Sebule ilijaa redio za wateja, na fundi alizijaribu zote kwa pamoja, hii inasoma habari, ile inatangaza mpira, nyingine inakoroma tu. Mama alikuwa katikati yake na cherehani, anapinda suruali za watu.

"Mama, tunakupigia kelele?" fundi alikuwa akimuuliza.

"Wapi! Nyumba isiyo na sauti ni pango."

Jumamosi ya kwanza, gari la mizigo lilifika saa tatu asubuhi. Mama alikuwa ameamka alfajiri kuwafungia vyombo. Kila kikombe alikivika gazeti, kila kifuniko akakitafutia sufuria yake. Kabati lilipofika mlangoni, fundi aliliweka chini upande wake, akamgeukia.

"Mama, kweli utaweza peke yako?"

"Nitaweza, baba. Nendeni salama."

"Mbona sauti imekuwa ndogo hivyo? Labda tungoje kidogo."

Mama akaanza kutetemeka. Mkamwana akakimbilia kipimajoto: thelathini na nane nukta mbili. Kabati likarudishwa ndani.

"Uchungu wa mwana huo," fundi alimwambia mkewe, machozi yakimlengalenga. "Anajikaza, lakini ndani anaungua."

Jumatatu dereva alipokuja kupanga siku nyingine, mama mwenyewe ndiye aliyemfungulia, buheri wa afya, akamkaribisha chai.

Jumamosi ya pili mambo yakawa yale yale. Kabati lilifika mlangoni, mama akatoa leso akajifuta macho. Fundi kuona leso, akaliweka kabati chini.

"Mke wangu, nikimwacha hivi nitajisamehe vipi? Turudishe."

"Hili kabati linahama au linafanya mazoezi?" dereva akauliza.

Safari hii homa ilifika thelathini na nane nukta sita. Mama akapewa vidonge viwili, baadaye viwili tena. Haikushuka hata nukta. Wakampeleka zahanati.

Tabibu alipima damu, akapima mkojo, akamulika koo. Kote safi.

"Huyu mama hana mdudu," akasema. "Hii ni homa ya mawazo. Ni homa kweli, si maigizo, ila vidonge haviiwezi. Huwapata sana wasichana, mitihani ikikaribia. Lakini haiulizi mtu umri."

"Basi leo nimerudi usichana," mama akasema.

Tabibu hakucheka. "Mama, kuna neno limekukaa kifuani. Litoe, utapona."

Mama akafungua kinywa. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama pale amemshikia mkoba na mwavuli, na kandambili zake za kubadilisha endapo miguu ingemvimba. Akakifunga.

"Hana haja ya kulisema," fundi akamjibia. "Mimi namjua mama yangu. Siku ya harusi yangu alitamka mbele ya ukoo mzima, 'Kwangu ni kwenu mpaka nizikwe.' Na mama hana kauli mbili. Sivyo, mama?"

"Nilisema," mama akajibu, akiangalia sakafu.

Jumamosi ya tatu, mkamwana alikuwa ameshapanda gari, amekaa mbele na mto wake mapajani, maana alishaona kukaa ndani kunaleta mikosi. Kabati likatoka nusu. Mama alisimama kando ya mlango na kipimajoto kwapani, kwa amri ya mwanawe.

Fundi akakisoma. Thelathini na sita nukta nane.

"Bado inajikusanya," akasema, akakirudisha kwapani. "Naiona ikija."

Akaangalia gari, akamwangalia mama yake aliyekonda wiki zile mbili, akaona haya. Akapiga bodi ya gari kwa kiganja.

"Dereva, nenda zako! Mama ni mmoja. Hatuhami. Si leo, si mwakani, hatuhami kabisa."

"Eti?" mkamwana akachungulia dirishani.

"Shuka, mke wangu. Mama, umesikia? Tutakaa nawe mpaka tukuzike kwa mikono yetu. Tena Jumatatu naleta mwashi avunje ule ukuta wa chumbani kwako, ufungukie sebuleni. Ukilala unatuona, ukiamka unatuona. Redio nitazipanga mpaka pale kichwani pako, usijihisi mpweke hata dakika moja."

Mkamwana akashuka polepole, mto mkononi, kama mtu anayetoka msibani.

Fundi akachomoa kipimajoto. Akakisoma, akakitikisa, akakirudisha, akangoja, akakisoma tena. Thelathini na tisa na nusu.

"Mama?"

Mama akaupokea ule mto kwa mkamwana, akaurudisha mwenyewe kwenye kiti cha gari, akaukung'uta vumbi. Kisha akaja akamshika mwanawe mashavu kwa mikono yote miwili, inayochoma kama pasi.

"Nakupenda, mwanangu," akasema. "Hama."