Ndala ya Mama

Foleni ya sukari nje ya duka la ushirika haikuwa ya watu. Ilikuwa ya mawe, makopo na vipande vya matofali, kila kimoja kikimshikia mwenyewe nafasi, maana siku ya tisa hiyo duka halijafunguliwa. Mwasiti alikuwa ameweka ndala ya mama yake, mgonjwa aliyekuwa akiomba chai ya sukari tu, basi.

Asubuhi hiyo alikuja kuichukua. Akaikuta imeshafika mbele kabisa, wa mbele yake wamekata tamaa na kuondoa mawe yao.

"Unaitoa, na lori ndilo hilo linashusha?" Bi Hidaya, mwenye kopo la nyuma yake, akamshika mkono.

"Mama tumemzika jana. Ndala mwenzake imebaki peke yake mvunguni."

Bi Hidaya aliinama, akairudisha ndala chini taratibu. "Matangani watu wanakunywa chai bila sukari, mwanangu. Iache."

Dirisha likafunguliwa.

"Mwenye ndala!" aliita muuzaji.

Mwasiti akatazama chini. Ndala ilikuwa imeelekea dirishani, alama ya kidole gumba cha mama ingali imebonyea, na watu wote wakageuka kumtafuta mwenyewe.