Kochi la Mama Shufaa

Barua zilikuwa mbili. Chuo cha ualimu kilimpa Tunu nusu ya ada, na nusu iliyobaki baba yake hakuwa nayo. Chuo cha upimaji ardhi kingelipa ada yote, ila kwanza kilituma mtu aje aone kama kweli nyumbani kwao hawajiwezi.

Tunu aliporudi kutoka kisimani alimkuta mtu huyo ameketi kwenye kochi jekundu la Mama Shufaa, jirani yao. Baba yake, Mzee Makame, aliliazima alfajiri, pamoja na zulia na televisheni. Aliona haya kumkalisha mgeni mkekani.

"Naona mnajiweza," mgeni alisema, kalamu mkononi.

"Alhamdulillahi, hatulalamiki," Mzee Makame akajibu.

Mgeni akaanza kuandika.

"Kochi si letu," Tunu akasema. "Zulia si letu. Hiyo televisheni hata umeme wa kuiwasha hatuna."

"Ingia ndani, Tunu."

"Siingii. Mwambie, baba."

"Mshenzi wewe! Unanivua nguo mbele ya mgeni?"

"Bora uvuliwe leo kuliko mimi kuozea hapa."

Mgeni akamgeukia mzee. "Anayosema binti ni kweli?"

Mzee Makame alinyanyuka kwenye kochi, akalisukuma zulia kwa mguu, akaketi chini kwenye saruji iliyopasuka. Kisha akamkazia bintiye macho, bila kupepesa, huku mgeni akingoja.