Jiwe Ndani ya Gunia

Kinu cha pamba kiliungua kwa sababu ya jiwe. Kila mkulima mjini aliweka jiwe au mchanga ndani ya gunia ili uzito uongezeke, na hakuna aliyeona aibu, mpaka hili moja lilipogonga misumeno ya mashine na cheche zikawasha pamba.

Asubuhi msimamizi Lukumbuja alilinyanyua mbele ya watu. Lilikuwa jiwe dogo la kusagia, limelika upande mmoja.

"La nani hili?"

"Usiniangalie mimi," mzee mmoja akasema. "Mimi huweka mchanga tu."

Watu wakacheka. Ng'washi hakucheka. Lilikuwa jiwe la marehemu mama yake.

"Nyamaza, mama Kulwa," mumewe Masunga akamnong'oneza.

Ng'washi akasogea mbele, akanyoosha mikono. "Lete, shemeji. Hilo ni la mama yangu."

"Ulilitia wewe kwenye gunia?"

"Mimi niliambiwa limeibwa."

Watu wote wakageuka kumtazama Masunga.

Moto ule ulichukua marobota mia mbili na kumi, kazi za watu sitini, na mume mmoja, aliyeondoka kabla ya adhuhuri bila hata kuchukua kofia yake.