Mgawa Nyama

Mshamu alifinyanga tonge la ugali, akalitazama, akalirudisha sahanini kando ya mengine yaliyokwisha kauka. Chumba cha wagonjwa wa kifua kikuu kilikuwa na kitanda kimoja, na mlango wake ulifungwa kwa nje.

"Dawa hizi hazitaki tumbo tupu, baba," muuguzi alisema nyuma ya barakoa. "Usipokula utazitapika tena, na hutapona."

Maisha yake yote Mshamu alikula sinia moja na nduguze. Yeye ndiye mkubwa wao, na nyama huachwa katikati mpaka aigawe. Humu alipewa sahani ya peke yake, yenye alama nyekundu ili isichanganywe na nyingine, na kila alipoishika aliisukuma kando.

Nje ya wavu wa dirisha alitokea mdogo wake, Kombo, akainua bakuli.

"Kaka, nyama hii ya jana. Hakuna aliyeigusa. Gawa."

"Wajinga nyie! Na kama ingeoza?"

"Tungeizika. Gawa."

Mshamu akasogea, akanyoosha kidole. "Chenye mfupa mpe dada Saumu. Hicho cha mafuta chako, mlafi wewe."

"Na chako?"

Akageukia sahani yake. Akachukua kipande cha nyama kilichokuwa kando ya ugali, akakitia kinywani, akatafuna polepole huku machozi yakimtoka.

Kengele ya kuwaondoa wageni ikalia. Bakulini kilibaki kipande kimoja ambacho hakijapata mwenyewe.

"Hicho kesho," alisema Mshamu, kinywa kimejaa.

Kombo akafunika bakuli. Upande wa pili wa wavu, kaka yake alikuwa angali akitafuna, hajameza.