Marashi ya Bi Kidawa

Shekue alizipanga simu zake tatu mbele ya jukwaa kama wageni wa heshima: moja imesimama, nyingine imelala, ya tatu imefungwa kwenye mpini wa ufagio, maana kila mtandao ulitaka video mubashara kwa namna yake. Hakuwa na meneja wala studio. Alikuwa na gitaa, na mashabiki wa mitandaoni aliowabembeleza mwaka mzima.

Harusi ilipopamba moto, akauachia wimbo wake mpya. Ubeti wa kwanza akaiimbia simu iliyosimama. Kwenye kiitikio akaigeukia iliyolala. Bibi harusi alipopita akicheza, Shekue alimwashiria kwa nyusi asogee, anaziba kamera.

Bi Kidawa, shangazi wa bwana harusi, aliyaona yote hayo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwarashia wageni marashi. Akaja akicheza taratibu, akampita Shekue na jasho lake, akazirashia simu moja moja mpaka zikachuruzika.

"Bi Kidawa, unaniulia simu," Shekue alisema, gitaa likanyamaza.

"Si ndio wageni wako hao, baba? Nikiwaruka watasema tumewadharau."

Ukumbi ukaangua kicheko. Simu mbili zikazimika. Ile ya kwenye ufagio ikabaki inamulika, vimoyo vya mashabiki vikipanda chini ya matone, kisha nayo ikafa.

Shekue akainua macho. Watu walijaa mpaka mlangoni, na wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Haya, imba sasa," Bi Kidawa alisema, mrashi ameushika juu ya kichwa cha Shekue, hajauinamisha bado.